Jina Lililobaki Kwenye Kitabu cha Nyimbo

Habari za kifo cha Wakesho zilimfikia Mchungaji Geoffrey Mwadime akiwa juu ya ngazi, misumari minne mdomoni. Kanisa la Mraru lilikuwa linaezekwa upya, na Geoffrey hakuwa mchungaji wa kusimama chini akiwaelekeza mafundi kwa kidole. Alipanda mwenyewe, na watu walimpendea hilo. Simu ikalia mfukoni. Akaitoa, akaona jina la Elsie, binti wa pekee wa Wakesho, na kabla hajapokea akawa amejua.

"Pasta, mama ametuacha," Elsie alisema. "Saa kumi na moja alfajiri."

Geoffrey akatema misumari kiganjani, akasema yale ambayo mchungaji husema saa kama hiyo, na akayasema vizuri. Alikuwa na sauti nzito, ya kuegemewa. Lakini tuseme ukweli mapema, maana mwenyewe alichukua muda mrefu kuusema: kitu cha kwanza kilichomshika hakikuwa huzuni, kilikuwa hofu. Jina la Wakesho alikuwa hajalipeleka.

Asiyelijua kanisa letu atauliza ni jina gani, lipelekwe wapi. Kwa utaratibu wetu, mshirika akianguka katika kosa zito hutengwa. Hafukuzwi. Anaruhusiwa kuja, kuimba, kutoa sadaka, hata kufagia. Ila haketi na wenzake. Kuna benchi moja nyuma kabisa, kando ya mlango unaotazama barabara ya Taveta, na hilo ndilo lake. Meza ya Bwana haikaribii. Akifa hajarudishwa, jeneza lake haliingii kanisani, kwaya haivai sare, na akina mama hawamfungi kile kitambaa cha buluu wanachowafunga wenzao wakiwasindikiza. Akitaka kurudi, hutubu mbele ya mchungaji, mchungaji akalipeleka jina kwa baraza la wazee. Wazee wakikubali, na sijawahi kusikia wamekataa, jina husomwa Jumapili wakati wa matangazo, na mzee mmoja humfuata pale nyuma, akamshika mkono mbele ya watu wote, akamleta mbele. Mkono wa ushirika, ndivyo tunavyouita. Katika safari hiyo yote kazi ya mchungaji ni kusikiliza na kupeleka karatasi. Geoffrey alisikiliza. Karatasi hakuipeleka.

Wakesho alikaa kwenye benchi lile miaka kumi na miwili kwa sababu ya mbangara. Mumewe alimwachia mtoto mmoja na shamba lisilotoa kitu mvua ikikosa, na huku kwetu mvua hukosa. Akaanza kununua miwa kutoka upande wa Wundanyi, akaikamua, akaichachusha, akauza. Pombe hiyo ilimsomesha Elsie hadi akawa mwalimu. Pombe hiyohiyo ndiyo aliyokuwa amekunywa Kasyoki, mdogo wake Mzee Katuku wa baraza la wazee, siku alipovuka barabara bila kutazama lori. Wakesho alivunja mitungi yake wiki hiyohiyo na hakupika tena. Kanisa likamtenga, naye hakuomba kurudi. Alisema hana uso wa kuomba.

Mwezi wa tatu mwaka huu ndipo alipomwita Geoffrey nyumbani. Mchungaji alimkuta uani akipeta pojo.

"Pasta, nimechoka kukaa mlangoni," alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Nataka kula Pasaka na wenzangu."

Akatubu hapohapo, makapi ya pojo yamemjaa kwenye leso. Alisema yote, hata ambayo hakuna aliyemuuliza: kwamba usiku ule Kasyoki alitaka kwenda nyumbani mapema, naye akamwongezea kikombe kimoja kwa sababu alikuwa mteja mwema. Geoffrey alilia naye. Akatafuta karatasi, akakosa, akachomoa katika kitabu chake cha nyimbo kijikaratasi cha ratiba ya harusi ya Donald na Wendy, akaandika nyuma yake jina la Wakesho na tarehe, akakirudisha. Alipoondoka alifungiwa pojo kilo mbili na kubebeshwa jogoo, na njia nzima juu ya pikipiki, jogoo akimpigia kelele mgongoni, alikuwa na furaha ya ajabu. Kazi hii ina siku nyingi za kuchosha: vikao vya harusi, ugomvi wa kwaya, watu wanaokupigia simu wakitaka uwaombee mitihani ya gari. Halafu inakuja siku moja kama ile, na unajua kwa nini uliacha kazi yako ya benki ukaenda chuo cha theolojia.

Wiki hiyo tembo wakaingia mashambani, Geoffrey akawa wa kukimbia huku na huko na chifu. Ikaja semina ya Wundanyi. Likaja suala la paa. Donald na Wendy nao wakamzawadia kitabu kipya cha nyimbo chenye jalada la ngozi, na kile cha zamani kikaenda rafuni pamoja na karatasi yake. Kusahau kulikuwa rahisi hivyo tu.

Jumapili ya Pasaka, ibada ikiisha, Wakesho alimshika mkono mlangoni. "Pasta, leo wamenisoma? Sikusikia vizuri."

Geoffrey angeweza kusema, Mama, nimesahau, nisamehe. Maneno matatu. Lakini nyuma ya Wakesho walikuwa wamepanga foleni watu wa kumsalimu, na yeye ndiye mchungaji aliyesifiwa toka Mwatate hadi Voi kwa kutosahau, anayeuliza hali ya ng'ombe wako kwa jina. Akatabasamu. "Baraza bado linaliangalia, Mama. Vuta subira kidogo."

Alikusudia kabisa kulipeleka mwezi huo. Baraza likakutana, naye akaona kwamba akilitaja sasa wazee watauliza alitubu lini, na Wakesho atasikia kwamba barazani halikuwahi kufika. Akaliacha hadi mwezi uliofuata. Mwezi uliofuata ulikuwa mgumu zaidi kuliko ule wa kwanza. Na kila Jumapili, mlangoni, mkono ule mkavu katika mkono wake: "Pasta, leo wamenisoma? Sikusikia vizuri." Swali hilo alilichukulia kuwa ni fumbo la mtu mzima, njia ya heshima ya kumkumbusha bila kumwaibisha. Likaanza kumkera. Mwezi wa saba, ili anyamaze, akamwambia jambo ambalo hadi leo likimjia akiwa anakula, huweka kijiko chini.

"Kuna mzee mmoja bado ana swali."

Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja. Baraza lina wazee saba, lakini mwenye kaburi la ndugu yake kwa sababu ya mbangara ni mmoja tu. Geoffrey aliona Wakesho akielewa, akaona uso wake ukijikunja na kukubali, akamwacha aende zake hivyo. Tangu siku hiyo hakuulizwa tena mlangoni.

Sasa alishuka ngazi, akanawa mikono, akawasha pikipiki kwenda kwenye msiba.

Elsie alikuwa ameshafika kutoka Wundanyi, anakofundisha. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu kama mama yake, mwenye macho makavu ya mtu atakayelia akimaliza shughuli. Alimpokea mchungaji, akamkalisha sebuleni, akaingia chumbani na kutoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na gauni jeupe na kitambaa cha buluu, sare ya akina mama wa kanisa, vimepigwa pasi na kukunjwa.

"Alishona mwezi wa nne," Elsie alisema. "Alikuwa anavaa humu ndani, anajitazama kwa kioo, anavua. Aliniambia siku wakimsoma hataki kupatikana hana nguo."

Geoffrey alitazama pindo. Lilikuwa limeshonwa kwa mkono, uzi mdogomdogo, hakuna hata mahali palipopinda. Akalipapasa kwa kidole, na Elsie akadhani ni majonzi.

"Pasta, nakuheshimu, ulimfuata mama hadi hospitalini. Lakini nakuambia mapema. Mzee Katuku asiguse jeneza la mama yangu."

"Elsie..."

"Unajua alimfanyia nini? Tangu mwezi wa saba mama alikuwa anampelekea mayai. Sita, kila Jumatatu, mpaka kwa kinu chake cha posho. Mayai yenyewe ndiyo alikuwa anauza anunue dawa ya presha. Nikamuuliza, mama, hayo ni ya nini? Akasema, kuna jambo kati yangu na yeye, wacha nimwombe polepole. Na huyo mzee alikuwa anachukua! Anachukua, anasema asante, na hamsamehi. Halafu mwezi wa tisa akamrudishia. Akamwambia usilete tena. Mama alitembea na mayai yake mpaka hapa, akakaa hapo ulipokaa, akaniambia kwa simu, 'Elsie, yule mtu amekataa kabisa.'"

Geoffrey aliinuka kutoka kwenye kile kiti. Alisema amekaa sana, mgongo unamsumbua.

Hospitalini alikuwa amekwenda, ni kweli. Jumanne, siku mbili kabla. Alimkuta Wakesho amefungwa barakoa ya hewa, hawezi kusema, na Wakesho alipomwona alikamata mkono wa shati lake akamtazama. Macho yale yaliuliza swali ambalo mdomo ulikuwa umeliacha tangu mwezi wa saba. Kanuni inamruhusu mchungaji kumrudisha mgonjwa mahututi palepale kitandani, akampa na meza. Mkate na divai vilikuwa kwenye begi lake. Lakini muuguzi alikuwapo, na Elsie alikuwapo, na kumrudisha siku ile kungeibua swali la kwa nini hakurudishwa mapema. "Usijali, Mama," alimwambia. "Mambo yako ni sawa." Akaomba sala fupi, akaondoka.

Baraza lilikutana Ijumaa alasiri katika ofisi ya kanisa. Mumo, katibu, alifungua daftari. Mwenyekiti alikuwa Mzee Katuku mwenyewe, Mkamba aliyekuja Voi kijana akiuza ndoo, akahamia Mraru na kujenga kinu, mtu wa maneno machache na mkono mpana. Suala lilikuwa moja: Wakesho amekufa akiwa ametengwa. Azikweje?

"Kanuni tunaijua," Mumo alisema kwa huzuni. "Labda kama alitubu."

Wote wakamgeukia mchungaji.

Hapo ndipo penyewe. Geoffrey alifungua kinywa kusema mwezi wa tatu, na kikatoka kitu kingine. "Alitubu. Kwangu mimi. Jumanne, pale hospitalini."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mzee mmoja akasema Bwana asifiwe. Hakuna aliyemuuliza mtu aliyefungwa barakoa alitubuje. Mumo akaandika. Ikakubaliwa kwamba jina lisomwe kaburini, jeneza liingie kanisani, kwaya ivae, akina mama wafunge kitambaa. Mambo yakawa yamenyooka. Geoffrey alijihisi mwepesi, na akajichukia kwa kujihisi mwepesi, lakini wepesi wenyewe haukuondoka.

"Nimefurahi," Mzee Katuku alisema, akizungusha kofia yake mikononi. "Nimefurahi sana. Yule mama nilimsamehe zamani, hata kabla ya matanga ya Kasyoki kuisha. Kasyoki alikuwa na miguu, alienda mwenyewe kwa pombe. Mimi nilikuwa nangoja tu alete jina, nikamshike mkono mimi mwenyewe. Nilikuwa nimewaambia hawa, siku hiyo mniachie." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Lakini alikuwa na mambo! Alikuwa ananiletea mayai kila Jumatatu. Nikafikiri ni shukrani, maana kuna wakati nilimsagia bila kitu. Sasa vijana wa kinu wakaanza kunitania, ati mjane anamtaka mjane. Ikafika mpaka kwa watoto wangu. Nikaona nitamharibia jina bure. Nikamrudishia, nikamwambia kwa heshima asilete tena. Hakusema kitu. Mpaka leo sijui yalikuwa ya nini."

Wazee wakacheka kwa upole, kicheko cha msibani. Geoffrey alitazama meza. Kulikuwa na msumari umechomoza kwenye ubao, akaukandamiza kwa kidole gumba hadi ukamuuma.

Jumamosi asubuhi mkewe, Immaculate, alikuwa akimpigia pasi joho. Walikuwa wameoana miaka kumi na minne, na alikuwa mtu wa kuuliza maswali machache kwa sababu majibu mengi aliyapata bila kuuliza.

"Ule wimbo wa Kidawida aliokuwa anapenda Wakesho haumo kwenye hiki kitabu kipya," alisema. "Nimekutolea cha zamani."

Kitabu kilikuwa mezani, na juu yake ile ratiba ya harusi, imegeuzwa upande wa nyuma. Geoffrey aliiona akiwa bado mlangoni.

"Jana usiku uliniambia alitubu Jumanne," Immaculate alisema.

"Ndiyo."

"Hapa umeandika tarehe kumi na saba mwezi wa tatu."

Akaendelea kupiga pasi kola. Hakuinua sauti, hakumtazama. Geoffrey alianza kumweleza habari za tembo, na semina, na paa, na jinsi alivyokusudia, na jinsi wazee wangeyumba, na kanisa halijamaliza kuezekwa, na kwamba mwisho wa yote mama wa watu anazikwa kwa heshima zote, sasa kuna faida gani. Yalikuwa maelezo mazuri. Yakamwishia mdomoni.

"Joho liko tayari," mkewe alisema.

Watu walikuwa wengi. Wakesho aliyekaa mlangoni miaka kumi na miwili aliingizwa katikati ya kanisa lisilo na nusu ya paa, jua likimwangukia juu ya jeneza, kwaya ikiwa na sare. Ibada ikaenda vizuri. Ikabaki kwenda kaburini, nyuma ya nyumba yake, hatua chache kutoka pale alipopeta pojo. Wazee wakajipanga kubeba. Mzee Katuku akavua kofia, akaja mbele, akashika mpini wa kwanza.

"Acha," Elsie alisema.

Katuku akadhani hakusikia vizuri. Akatabasamu.

"Nimesema uache. Ulimrudishia mama yangu mayai yake. Alikuomba msamaha miezi miwili akitembea kwa jua, ukamkataa. Leo amekufa ndiyo unaona anabebeka?"

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti. Mzee Katuku alisimama mkono ukiwa bado kwenye mpini, mdomo wazi. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja ambaye hajawahi kusemwa hadharani, na hakujua afanye nini na uso wake. "Msamaha wa nini, mwanangu?" aliuliza. "Mimi sikuambiwa kitu." Watu wakaguna. Ilisikika kama uongo wa kitoto, na kila mtu aliyekuwapo alimwamini Elsie.

Geoffrey angeweza kunyamaza. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye wapo waliosema alibanwa. Hakubanwa. Angeweza kumshika Elsie bega, akasema maneno mawili ya faraja, mzee akasogea pembeni, shughuli ikaendelea. Katuku angebaki na lile doa hadi kaburini kwake, na hakuna mtu duniani ambaye angejua isipokuwa Immaculate, ambaye asingesema.

"Elsie, Mzee anasema kweli," alisema.

Ile sauti nzito haikuwapo. Ilitoka sauti nyembamba iliyomshangaza mwenyewe.

"Mama yako alitubu kwangu tarehe kumi na saba mwezi wa tatu. Si Jumanne. Nililidanganya baraza jana. Jina lake nililiandika kwenye karatasi, nikaisahau ndani ya kitabu. Aliponiuliza, nikamwambia baraza linaliangalia. Baraza halikuwa na habari. Halafu nikamwambia kuna mzee mmoja ana swali. Hakukuwa na mzee. Nilijua atamdhania nani, nikamwacha adhani. Mzee Katuku hakuwahi kumkataa mtu. Aliyemweka mama yako mlangoni miezi minane ni mimi."

Mzee Katuku aliachia mpini, akaketi juu ya kiti cha plastiki kilichokuwa karibu, akashika kofia kifuani.

"Yale mayai," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Kumbe yale mayai yalikuwa ya hayo." Machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. "Mimi nikamrudishia. Nikamwambia asilete tena."

Elsie akaenda, akamwinua mzee yule kwa mikono yote miwili, akamrudisha kwenye mpini wa kwanza. Ndipo akamgeukia mchungaji. Macho hayakuwa makavu tena.

"Alikufa akifikiri hatoshi," alisema.

"Najua."

"Hujui, Pasta."

Kaburini Geoffrey alisoma jina, kwa sababu kanuni inataka mchungaji alisome na hakukuwa na mchungaji mwingine. Alilisoma kutoka ile karatasi ya harusi, na tarehe yake. Mzee Katuku, kwa kuwa hakukuwa na mkono wa kushika, aliweka kiganja juu ya jeneza na kukaa nacho hapo hadi akina mama walipomaliza kufunga kitambaa cha buluu. Geoffrey alipofika kwa Elsie na kumnyooshea mkono, Elsie alikunja mikono yake ndani ya leso. Haikuwa hasira ya kelele. Alikunja tu, akangoja apite. Geoffrey alipita.

Baraza lilikutana wiki iliyofuata bila yeye. Hawakumtukana. Mzee Katuku mwenyewe alikuja nyumbani kumsomea uamuzi, akanywa chai ya Immaculate, akamaliza kikombe. Taarifa imepelekwa makao makuu. Hadi majibu yaje, mchungaji hatapanda mimbarini wala kukaribia meza, na mahali pake kanisani anapajua, maana amewapeleka wengi.

"Siku ukiwa tayari kutubu kwa baraza, leta jina," mzee alisema akivaa kofia. "Kwangu halitakaa hata siku moja."

Jumapili Geoffrey aliingia kwa mlango wa barabarani. Alikuwa amevaa shati la kawaida, na shingo yake bila kola ilimfanya ajihisi yuko uchi. Benchi la nyuma lilikuwa na mtu mmoja, msichana aliyetengwa mwaka jana kwa kuzaa kabla ya ndoa. Barua yake ya kutengwa iliandikwa na Geoffrey. Msichana alimsogezea nafasi na kumpakata mwanawe upande wa pili. Pale alipoketi, ubao ulikuwa umelika na kulainika. Alijua ni mahali pa nani.

Ibada ikaanza. Mwinjilisti aliongoza. Nyimbo zilifika vizuri hadi nyuma, kwa kuwa nyimbo zina sauti za watu wengi. Ukafika wakati wa matangazo. Mumo akasimama na daftari lake, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya chini ya siku zote, na palepale lori la Taveta likapita, na nyuma yake la pili, na bati jipya lililokuwa halijapigiliwa sawasawa likatetemeka juu. Geoffrey aliona midomo ya Mumo ikienda. Aliona watu wa mbele wakitikisa vichwa, mtu mmoja akipiga makofi. Akainama mbele, akatega sikio, akaweka mkono nyuma yake. Hakupata hata neno moja. Mumo akaketi.

Akamgeukia msichana.

"Binti," alinong'ona, "wamesoma nini?"

Msichana akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Huku hatusikiangi, Pasta," alisema. "Ndiyo maana Mama Elsie alikuwa anakuuliza pale mlangoni."